Grupu la kamati limetangulia, barua ya posa haijafika

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu Morogoro. Mchumba wangu alinivisha pete Desemba. Wiki iliyofuata rafiki zake wakafungua grupu la WhatsApp la kamati: bajeti milioni 25, harusi Juni, kanisani kwetu Katoliki. Barua ya posa haijafika nyumbani. Baba amesikia kwa jirani kuwa watu wanachangishwa harusi ya binti yake. Tangu siku hiyo ananiitikia salamu tu, haongezi neno. Nianzie wapi?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonichoma ni huyo mzee kupata habari za mwanawe kwa jirani. Baba yako hajamkataa mkwe. Ameumia kwa kuwa amerukwa, na hilo linatengenezeka wiki hii hii.

Mwambie mwenzio aandike kwenye grupu kwamba michango inasimama mpaka taratibu za wazazi zikamilike. Kisha atafute mshenga, mtu mzima anayejua kuongea na wazee, apeleke barua na kishika uchumba kwa desturi ya kwenu. Hapo ndipo mahari itatajwa, na mahari inaweza kumeza fedha ambayo ninyi mmeshaihesabu kuwa ni ya ukumbi. Tena upande wenu kuna sendofu. Baba yako naye anahitaji muda wa kuita ndugu zake na kuunda kamati yake, na wengi wa marafiki zako watachangia huku na huku.

Sasa hizo milioni 25. Nani kazihesabu, na ziko mfukoni mwa nani?

Niliwahi kuwa mweka hazina wa harusi ya mtoto wa dada yangu. Daftari langu lilikuwa na safu tatu: jina, ahadi, taslimu. Safu ya ahadi ilijaa mpaka kikao kikapitisha tuongeze matarumbeta. Wiki moja kabla ya harusi nikajumlisha taslimu, haikufika nusu. Mpishi alitaka salio lake ndipo anunue nyama, mwenye ukumbi naye hafungui mlango bila kumaliziwa. Kijana wetu akaenda kukopa kwa riba. Deni lile walilimaliza mtoto wao wa kwanza ameshaanza kutembea, na mimi mpaka leo linaniuma, maana daftari lilikuwa mkononi mwangu na sikusema mapema.

Kwa hiyo kaeni ninyi wawili kwanza, na karatasi. Andikeni fedha mtakayokuwa nayo wenyewe hadi Juni. Toeni mahari. Toeni kodi ya nyumba mtakayoanzia maisha. Kinachobaki ndicho kilipe ukumbi na chakula, hata kama ni watu 80 tu, na michango ikija iongeze sahani. Idadi ya watu ndiyo inayokula fedha: kila kadi ya watu wawili ni viti viwili na sahani mbili, wakati mapambo unaweza kuyapunguza bila mtu kulala njaa. Mwenyekiti na mweka hazina wachagueni wenyewe. Mweka hazina awe mtu asiyeona haya kudai risiti.

Tarehe msiitangaze, na ukumbi msiulipie chochote, kabla ya kuonana na paroko. Kuna mafundisho ya ndoa, kuna vyeti vya ubatizo vya kufuatilia mlikobatiziwa, kuna matangazo ya Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Juni ikiwabana, isogezeni. Ni afadhali kuwaambia wanakamati sasa kuliko Mei.

Kwa baba usipige simu, wala usimtume mama. Nenda mwenyewe jioni akiwa ametulia, umwombe radhi, umtajie jina la mshenga na siku atakayofika. Na hakikisha lile tangazo la kusimamisha michango limeshaandikwa kabla hujatoka kwako, maana jambo la kwanza atakalokuuliza ni hilo.