Mshipa umefunguka, moyo bado umezubaa

*Shikamoo daktari. Baba alizibuliwa mshipa na kuwekewa stenti (kijibomba cha chuma kinachouweka mshipa wazi) masaa sita baada ya kushikwa na mshtuko wa moyo. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya siku ya tatu inasema moyo unasukuma asilimia 35 tu ya damu iliyomo. Wamekosea wapi? (Mwanza)*

Marahaba. Huenda hawajakosea popote. Kalia mguu mpaka ufe ganzi, kisha usimame ghafla: damu imerudi, lakini utaanguka. Mguu huamka kwa dakika. Msuli wa moyo huchukua siku, pengine wiki. Madaktari Braunwald na Kloner waliipa hali hii jina mwaka 1982, mimi naiita kuzubaa. Seli zi hai, ila damu iliporudi kalsiamu ilizivamia, na nyuzi za msuli hazitii amri kama zamani. Kwenye skrini ya eko unaona ukuta mmoja umekaa kama ubao huku wenzake wakijikunja.

Hata hivyo masaa sita ni mengi. Sehemu fulani itakuwa imekufa, na iliyokufa inageuka kovu. Eko ya siku ya tatu haiwezi kukutenganishia kovu na kuzubaa, kwa hiyo irudieni baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Mtu akiwaharakisha baba awekewe kifaa cha kushtua moyo kama kinga, mwulizeni kwa heshima haraka ya nini: miongozo inataka siku 40 tangu mshtuko wa moyo, na 90 tangu mshipa kuzibuliwa.

*Kifua kilinibana dakika kumi, kikaachia. Troponini (protini inayovuja kwenye damu seli za moyo zikiumia) haikupanda. Basi ni gesi?*

Gesi, gesi, gesi! Nchi hii kila kifua kinachobana ni gesi au vidonda vya tumbo, mpaka siku ya mazishi. Mshipa ukiziba kwa dakika chache ukajifungua, seli zinaweza zisife, na troponini isipande. Hilo ni onyo. Nenda leo ukapimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na daktari wa moyo akuone. Kikirudi, tafuna aspirini miligramu 300 (kama huna mzio nayo wala hutoki damu tumboni) ukiwa njiani kwenda hospitali. Duka la dawa si hospitali.

*Kitunguu saumu kinazibua mishipa?*

Hapana. Na nimeshachoka.

*Moyo wa mume wangu pia ulisukuma asilimia 35 baada ya stenti, sasa eko inasema 50. Kaacha dawa zote.*

Hongera kwake, pole kwako. Moyo umeamka, stenti bado ni chuma ndani ya mshipa, na bila dawa za kuzuia damu kuganda inaweza kuziba mchana mmoja akiwa shambani. Kwa kawaida dawa hizo huwa mbili kwa mwaka mmoja, kisha aspirini inaendelea. Azirudie leo, kesho mpeleke kliniki. Hukusema kama ameacha sigara, nashuku jibu.

*Mama hajawahi kupata mshtuko, ila mishipa yake mitatu imekuwa myembamba na moyo umechoka. Naye tusubiri uzinduke?*

Msisubiri. Moyo wa mama haukuzubaa, umejikunyata. Umekula damu kidogo miezi mingi, ukapunguza kazi, kama nyumba inayozima taa luku ikikaribia kuisha. Huo hauamki kwa muda, unahitaji damu. Ombeni apimwe kama msuli ungali hai, na daktari wa upasuaji amwone kuhusu kupandikizwa mishipa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanaifanya kazi hiyo. Baba wa Mwanza anaweza kungoja wiki kumi na mbili. Mama yako hapana.