Jibu: Kaiti Zanzibar, mmoja anaanza, mwingine anajua

Ndugu wa Bukavu, umeuliza mwende wapi mwezi wa saba, mke wako ndiyo kwanza anajifunza kaiti, yaani kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, na wewe umeshazoea kuruka. Nendeni Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, wote wawili. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma Juni hadi Septemba, na pale hauwasukumi watu kuelekea bahari kuu.

Ziwa Kivu maji hayapwi wala hayajai. Kule Paje saa ya maji kujaa na kupwa ndiyo kila kitu. Mkeo aanze maji yakijaa, yakimfika kiunoni, upande wa ufukweni wa mwamba wa matumbawe. Yakipwa, hasa siku za bamvua (mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapopwa na kujaa sana), yanabaki ya kifundoni: vigingi na kamba za mashamba ya mwani vinatokeza, nyuzi za kaiti zinanasa humo, na viumbe wa miiba wanachoma nyayo. Avae viatu vya mpira, tafadhali.

Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa kilomita 30 kwa saa unataka kaiti ya mita 12 za mraba. Ukifika 40, mita 9. Mwanafunzi ashuke saizi moja.

Mawimbi yako wewe yako nje ya mwamba, ila usitoke bila boti ya uokoaji. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, mkeo asirushe kaiti kabisa.