Miradi Miwili Mikubwa Inapogombania Eneo Moja: Nani Ampishe Mwenzake?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninasomea mipango ya ardhi. Darasani tumefundishwa namna mradi mmoja mkubwa unavyokaguliwa kabla ya kupewa kibali, lakini hatukuelezwa kinachofanyika pale ambapo miradi miwili, yote yenye manufaa kwa taifa, inaomba vibali kwa wakati unaokaribiana huku mipaka yake ikiingiliana. Je, aliyetangulia kuomba ndiye mwenye haki? Naomba unifafanulie kwa mifano halisi.

JIBU: Ndugu msomaji, kutangulia kunasaidia, ila hakumalizi ubishi. Tuutazame mfumo wa Uingereza, ambako migongano ya aina hii imekuwa mingi na kumbukumbu zake zimewekwa wazi. Sheria ya Mipango ya mwaka 2008 inataka ukaguzi wa mradi mkubwa usizidi miezi 6. Kisha wakaguzi wana miezi 3 ya kuandika mapendekezo, na Waziri ana miezi 3 ya kuamua. Katika muda huo mfupi wakaguzi hawakai kumtafuta mshindi. Wanachotaka kujua ni kama miradi yote miwili inaweza kujengwa, na kwa masharti gani.

Masharti hayo huandikwa ndani ya kibali chenyewe, katika majedwali ya mwishoni ambayo wasomaji wengi huyaruka, na huitwa masharti ya ulinzi. Tuseme mtaro wa nyaya za umeme wa mradi mmoja unakatiza barabara ya kuingilia mahali pa ujenzi wa mradi mwingine. Masharti yatasema nani atachimba kwanza, nyaya zilazwe kina gani ili lori lililobeba transfoma lipite juu yake bila kuziharibu, michoro ifikishwe kwa jirani siku ngapi kabla ya kazi kuanza, jirani akikaa kimya ihesabiwe kuwa amekubali au amekataa, na hasara ikitokea nani alipe. Mimi nayaona majedwali haya kuwa moyo wa kibali, kwa sababu msimamizi wa ujenzi atakayefika miaka mitano baadaye hatakuwa na kitu kingine cha kushika mkononi.

Mfano mgumu zaidi ni wa Bahari ya Kaskazini. Mradi wa mitambo ya upepo wa Hornsea Four, wa kampuni ya Ørsted, ulipangwa kuenea hadi juu ya sehemu ya mwamba wa Endurance, ambamo kampuni ya mafuta ya BP na washirika wake walikusudia kuhifadhi hewa ya ukaa chini ya sakafu ya bahari. Anayehifadhi hewa hiyo analazimika kuifuatilia isije ikavuja, na njia iliyozoeleka ni meli inayokokota nyaya ndefu zenye vipokezi vya mitetemo. Meli ya namna hiyo haiwezi kujipenyeza katikati ya safu za minara. Pande zote mbili ziliutetea mradi wao kwa hoja ileile ya kupunguza uchafuzi wa hewa, na ukaguzi ulikwisha wakiwa bado wanapingana; makubaliano ya kibiashara yalipatikana baadaye, na kibali cha Hornsea Four kikatolewa Julai 2023. Laiti mazungumzo hayo yangekamilika kabla ya maombi kuwasilishwa, muda mwingi wa wataalamu na wa umma ungeokolewa.

Tena usidhani kwamba mmiliki akiwa mmoja tatizo halipo. Norfolk Vanguard na Norfolk Boreas ilikuwa miradi ya mitambo ya upepo baharini ya kampuni moja, Vattenfall, na ilipangwa kwa busara: mtaro uchimbwe mara moja, na mabomba matupu yalazwe humo yakingoja nyaya za mradi wa pili. Hata hivyo, Februari 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha kibali cha Vanguard, kwa kuwa Waziri aliahirisha kupima athari za pamoja za vituo vya umeme vya miradi hiyo miwili kwa mandhari ya karibu na kijiji cha Necton, ilhali taarifa alizohitaji zilikuwa zimeshafika mezani kwake. Kibali kipya kilipatikana Februari 2022.

SWALI: Je, jirani anaweza kupinga hata kama mradi mpya haugusi mpaka wake?

JIBU: Anaweza, na upepo ndio ushahidi ulio dhahiri. Ipo picha maarufu iliyopigwa Februari 2008 katika mitambo ya Horns Rev, Denmark, ambapo ukungu ulionyesha michirizi ya hewa iliyovurugika ikisafiri kutoka mtambo wa mbele hadi wa nyuma. Mtambo unaosimama ndani ya mchirizi huo hupata upepo hafifu, na mwenye mtambo hupoteza umeme wa kuuza. Ndiyo maana kibali cha mradi wa Awel y Môr, pwani ya Wales, kilichotolewa Septemba 2023, kiliwekewa sharti la kutathmini athari hizo na kurekebisha usanifu kadiri inavyowezekana kabla ya kusimamisha mtambo wowote, baada ya malalamiko ya wenye mitambo jirani ya Rhyl Flats.

SWALI: Na wasipoelewana hadi ukaguzi umalizike?

JIBU: Kila upande huwasilisha maneno yake ya masharti ya ulinzi pamoja na sababu, na Waziri huchagua au huyarekebisha mwenyewe. Ikiwa jirani ni shirika la huduma za umma, kama vile la reli, maji au umeme, na ardhi yake ya kutolea huduma ndiyo inayotakiwa kutwaliwa, nalo limepinga, sheria inataka Waziri aridhike kwamba huduma hiyo haitapata madhara makubwa. Kwa hiyo mwenye mradi anayeahirisha mazungumzo na shirika la namna hiyo anahatarisha njia yake ya kuipata ardhi yenyewe.