Madumu ya sabuni yamejaa ndani, nihamie cherehani?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi niko kijijini huku Chamwino, Dodoma. Mwaka jana walikuja watu wakatufundisha siku mbili sabuni ya maji, tulikuwa wamama thelathini, nikauza mbuzi wawili nikanunua malighafi na madumu. Sasa kila nyumba ina sabuni nani amuuzie nani? Na ya kwangu ndani ya wiki imekuwa maji tu. Nataka nijifunze ushonaji ila mtoto bado ananyonya, na baba watoto anasema ntamaliza mbuzi wengine.
Mama wa Chamwino

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mbuzi. Hiyo huenda ni chumvi. Chumvi ndo inaifanya sabuni iwe nzito ila ukipitiliza kipimo inarudi nyepesi, sasa siku mbili, watu thelathini, sufuria moja, nani alishika kipimo? Lakini hata ingetoka nzito kama asali ungemuuzia nani, jirani nae anayo! Mimi hizi semina za kufundisha kijiji kizima kitu kimoja zinanichosha kwakweli. Hayo madumu wapelekee mama lishe wa barabarani kwa bei ya chini, povu si bado lipo.

Cherehani sawa, ila kabla hujatoa hata mia zunguka uhesabu mafundi, afu waangalie watoto wakitoka shule: sketi za bluu zimefumuka, kaptula za kaki zimetoboka makalioni, zipu mbovu. Hapo ndo pana kazi ya kila wiki, gauni la harusi ni bahati. Kwa vile unanyonyesha anzia kwa fundi wa karibu, nusu siku. Cheti hakikukimbii, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wanampima hata aliyejifunzia mtaani wanamrasimisha.

Na hela ya huku unaijua, msimu wa mvua ni mmoja tu, mkwanja unaonekana alizeti zikishavunwa. Januari sare zinatakiwa ila watu wanatafuta unga, kwaiyo waanze kukulipa kidogo kidogo toka mwezi wa saba, andika kwenye daftari.

Mkopo baadae, ukishaweza kuweka zipu. Ule wa halmashauri hauna riba, wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani, mnaomba kikundi, watano mnatosha, afisa maendeleo wa kata atawaelekeza. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiguse!

Baba watoto muibie suruali yake iliyochanika, uirudishe imeshonwa.