Picha ya kamera kuonekana kama mchoro wa rangi ya mafuta

Ndugu, umeuliza kwa nini picha ya uso uliyoipitisha kwenye kichujio cha rangi ya mafuta ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, imetoka kama ukungu badala ya mchoro. Sababu kubwa ni kwamba kichujio kwa kawaida hutumia ukubwa mmoja wa brashi kwa picha nzima, ilhali mchoraji hupaka mandhari ya nyuma kwa brashi pana na kuyaachia macho na midomo brashi nyembamba.

Kwa hiyo, nakili tabaka la picha, ulipitishe la chini kwenye kichujio hicho kwa brashi ya ukubwa wa pikseli 12 na la juu kwa pikseli 4, kisha ushike kifutio chenye kingo laini na ulifute la juu kila mahali isipokuwa usoni. Kifutio kikiacha weupe badala ya kuonyesha tabaka la chini, liongezee la juu chaneli ya alfa (sehemu inayohifadhi uwazi wa tabaka) kwanza. Jambo hili huwasumbua wengi. Vipimo hivyo vinafaa picha yenye upana wa pikseli 1200 hivi, kwani kwenye kubwa zaidi alama za brashi hufifia.

Hifadhi kazi katika muundo wa XCF, ambao ni wa GIMP yenyewe na hutunza matabaka, kwa kuwa JPEG huyaunganisha matabaka yote.