Ukienda Sanje, lala Mang'ula kwanza

Ndugu na marafiki wanaokwenda Mikumi huniuliza kama watawahi kupanda maporomoko ya maji ya Sanje, kwenye milima ya Udzungwa, mchana wa siku hiyohiyo. Jibu langu ni moja: msifanye hivyo. Mtu ameshinda kwenye gari akitafuta simba, kisha apande mlima jua likiwa kali huku mwongozaji akimhimiza washuke kabla ya giza? Sanje haistahili haraka hiyo. Laleni Mang'ula, muanze asubuhi na mapema.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni ya kutembea kwa miguu. Ukitokea Mikumi kwa njia ya Ifakara, utapita Kidatu kisha kijiji cha Sanje, ambako njia ya maporomoko huanzia. Usishuke hapo. Endelea hadi makao makuu ya hifadhi Mang'ula, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji, ndipo mrudi Sanje pamoja. Kama umekuja na basi, elewana mapema na dereva wa kuwapeleka na kuwarudisha. Beba kitambulisho cha Taifa ili ulipe kiwango cha raia, na usitegemee noti mfukoni.

Watu wengi humaliza mzunguko kwa saa nne hivi. Mimi nasema tenga sita, kwa ajili ya msitu. Humo anaishi ngolaga, kima wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Wapo pia mbega wekundu. Ukipita mnapiga soga kwa sauti hutawaona. Mwombe mwongozaji msimame kimya kila baada ya mwendo kidogo. Kwangu mimi, kumwona ngolaga kuna thamani sawa na maporomoko yenyewe.

Maji huanguka takriban mita 170, kwa ngazi tatu. Wapo wanaoishia mahali pa kupigia picha kisha wanageuza, nami huwasikitikia, maana ukifika juu unaliona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yametandazwa hadi macho yanakoma. Kuoga kunaruhusiwa, lakini ingia pale tu mwongozaji anapokuonyesha, na usisogelee ukingo: mawe yana utelezi hata kiangazi.

Masika, Machi hadi Mei, njia huwa matope matupu. Mimi huchagua Juni au Julai: udongo umekauka na maji bado ni mengi. Kufikia Oktoba njia ni nzuri zaidi, ila mto umepungua.

Vaa viatu vyenye meno, na ukate fimbo ya kushukia kabla hujaingia hifadhini, kwa sababu magoti huumia kwenye kushuka kuliko kupanda. Kama umeongozana na mzazi mwenye magoti mabovu, usimwache nyumba ya wageni. Karibu na makao makuu kuna njia fupi ya maporomoko madogo ya Prince Bernhard, na huko nako kuna msitu na nyani wa kutosha.