Jibu: Kusia, kupanda na kupandikiza

Ndugu, umeuliza kama kusia, kupanda na kupandikiza ni kitu kimoja. Hapana. Kupanda ndilo neno pana. Kusia ni kuweka mbegu kitaluni zioteshwe kwanza. Kupandikiza ni kuung'oa mche kitaluni na kuuhamishia shambani, na hapo ndipo wengi huharibu: ng'oa jioni, kitalu kikiwa kimemwagiwa maji, udongo ubaki umeshika mizizi. Nyanya na kabichi huvumilia sana kuhamishwa. Karoti usijaribu, mzizi wake ndio chakula chenyewe na ukiguswa hupinda au kugawanyika, kwa hiyo panda mbegu moja kwa moja. Kubebesha ni jambo jingine kabisa: kikonyo, yaani kijitawi kilichokatwa, cha mti mmoja huungwa kwenye shina la mwingine.